Mlinzi ameshakusoma: kutafuta chanzo pale ushambuliaji wako unapokwama

Wachezaji wengi wa mpira wa kikapu wanaoingia vyuo vya Arusha na Moshi wanakuja na silaha moja waliyoibeba kutoka sekondari. Mmoja anakata kulia na kumaliza kwa leiapu, yaani kuruka karibu na ringi na kuuweka mpira kwa mkono mmoja. Mwingine anasimama kona na kushuti. Wa tatu ni mrefu tu, anapewa mpira chini ya ringi. Kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, silaha hiyo ilitosha. Kwenye mashindano ya vyuo, ya TUSA au SHIMIVUTA, inadumu robo moja, kwa sababu walinzi wa huko wanakusoma mapema na kukufungia mlango wako.

Hapo wengi hukimbilia chenga mpya za kwenye video. Njia inayozaa matunda ni nyingine: angalia mlinzi anaizuiaje silaha uliyonayo, kisha jifunze jibu la kizuizi hicho. Jibu hilo moja ndilo ujuzi wako wa pili. Na unapokosa, anza kukagua miguu kabla ya mkono, maana makosa mengi yanayoonekana mkononi yameanzia chini.

Kwanza pima kiwanja na mpira

Viwanja vyetu vingi ni vya saruji na viko wazi, na ringi zake zimening'iniwa na watu miaka mingi. Kabla ya kubadilisha shuti lako, chukua futikamba. Ringi inatakiwa iwe mita 3.05 kutoka sakafuni, mbele na nyuma sawasawa. Ikiwa imeinama mbele, jua kwamba shuti unalolizoea hapo ni la ringi hiyo tu.

Funga jiwe kwenye uzi, lishushe kutoka katikati ya ringi kama fundi anavyoshusha timazi, na uweke alama linapogusa chini. Alama hiyo iwe mita 1.575 kutoka ukingo wa ndani wa mstari wa mwisho. Kutoka hapo hadi ukingo wa nje wa mstari wa pointi tatu ni mita 6.75, na kwenye kona ni mita 6.60. Ukikuta 6.25, mstari huo ni wa kipimo cha zamani kilichotumika hadi 2010, na ukizoea hapo utakuwa unashuti mafupi kila mkienda ugenini. Chora wako kwa chaki. Mstari wa mitupo huru uwe mita 4.60 kutoka usawa wa uso wa ubao.

Mpira nao una makosa yake. Uachie kutoka mita 1.8, ukipima chini ya mpira. Ukirudi, sehemu yake ya juu ifike karibu mita 1.3. Asubuhi za Juni na Julai, Arusha ikiwa na baridi, mpira hudunda chini zaidi. Watu huuongeza upepo, na saa sita mchana unakuwa mgumu kama jiwe. Wanawake wanacheza na namba 6, wanaume namba 7. Timu ya wanawake inayofanya mazoezi kwa mipira ya wanaume kwa sababu ndiyo iliyopo hujifunza kuusukuma mpira kutoka kifuani, na tabia hiyo haiondoki siku wanapopewa namba 6. Kama bajeti inaruhusu mpira mmoja tu mpya, uwe namba 6.

Dalili: mlinzi anasimama kuliani kwako na kukuachia kushoto kote

Jibu la haraka ni "mkono wangu wa kushoto ni dhaifu." Huenda. Lakini kuna vyanzo vitatu tofauti, na dawa ya kimoja haiponyi kingine.

Jipime hivi. Anza katikati ya kiwanja, udribo (uende ukidunda mpira) kwa kushoto huku macho yako kwenye ringi. Mpira ukikupotea, tatizo ni mkono. Ukifika salama lakini ukahamishia mpira kulia wakati wa kuruka, tatizo ni miguu. Ukifanya vyote vizuri ukiwa peke yako na ukashindwa mlinzi akija, tatizo ni bega: hujui kuuweka mwili wako kati yake na mpira.

Tatizo la mkono linatibika kwa kudribo chini ya goti, kwa ncha za vidole na si kiganja, sekunde 30 mara nne, huku mwenzako akikuonyesha vidole na wewe ukitaja idadi. Bila mtu wa kukulazimisha kuinua macho, zoezi hili halina maana.

Tatizo la miguu ndilo limeenea zaidi, na ndilo watu hulipuuza. Leiapu ya kushoto inarukiwa mguu wa kulia. Simama hatua mbili kutoka kwenye ringi, bila mpira. Piga hatua ya kushoto, ya kulia, ruka, goti la kushoto likipanda pamoja na mkono wa kushoto. Mara kumi. Kisha shika mpira bila kudribo, mara kumi. Kisha dribo moja, kisha tatu. Usivuke hatua moja kwenda nyingine mpaka miguu iwe sahihi mara 8 kati ya 10. Hesabu miguu, mpira kuingia au kutoingia ni suala la baadaye. Anayeanza moja kwa moja kutoka katikati ya kiwanja kwa kasi anajifundisha kosa.

Miguu ikikaa, ingia kwenye zoezi linalobeba jina la George Mikan, yule senta (mchezaji mrefu wa chini ya ringi) wa urefu wa mita 2.08 aliyenolewa na kocha Ray Meyer pale Chuo Kikuu cha DePaul, Marekani, miaka ya 1940. Simama chini ya ringi: leiapu ya kulia, dakia mpira kabla haujagusa chini, leiapu ya kushoto, dakia, rudia. Mpira usishuke chini ya kidevu. Fikisha vikapu 20. Zoezi hili halihitaji mtu wa pili wala nafasi kubwa, kwa hiyo linafaa sana pale timu mbili zinapogawana kiwanja kimoja.

Kwa bega, chora njia ya upana wa mita mbili kandokando ya mstari wa pembeni. Mlinzi anatembea nawe, wewe unapita kwa kushoto tu hadi mwisho, mkono wa kulia ukiwa umekunjwa kulinda mpira bila kumsukuma. Ukiunyoosha ukamsukuma, refa atakupulizia na atakuwa na haki.

Fanya hivyo mara nne kwa wiki, na ndani ya wiki tatu au nne mlinzi atalazimika kurudi mbele yako. Akisharudi, ukata wako wa zamani wa kulia unafufuka wenyewe.

Dalili: unafika ringini lakini unakosa

Ukikosa ukiwa peke yako, angalia hatua ya mwisho. Kwa kawaida ni ndefu mno, kwa hiyo mwili unaruka kwenda mbele badala ya juu na mpira unaugonga ubao kwa nguvu. Fanya hatua ya mwisho iwe fupi kuliko iliyotangulia. Lenga kona ya juu ya kile kisanduku kilichochorwa ubaoni (upana sentimita 59, kimo 45), ile iliyo upande wako, ukiingia kwa pembe iliyo katikati ya mstari wa mwisho na mbele ya ringi.

Ukikosa kwa sababu mrefu wao anakusubiri, leiapu si jibu tena. Jifunze kwanza kusimama kwa miguu miwili kwa pamoja, mita moja na nusu au mbili kutoka ringini, mpira ukiwa kidevuni. Mruko wa mlinzi ukishapotea bure, unapanda wewe. Asiporuka, unageuka kwa pivoti (mguu mmoja ukibaki palepale) na kushuti kwa juu. Baada ya hapo ndipo ujifunze mpira wa kuelea, ule unaorushwa juu mapema kwa mguu mmoja kabla ya kumfikia mrefu. Wengi huanza na huo wa pili kwa sababu unapendeza, halafu wanaurusha hata pale ambapo hakuna mtu wa kuwazuia.

Na ukipuliziwa kutembea na mpira kila unapojaribu kusimama? Tangu 2017 kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, haziuhesabu mguu uliokuwa tayari sakafuni ulipoudaka mpira ukiwa kwenye mwendo. Hatua ya kwanza ni mguu unaogusa chini baada ya hapo, na unaruhusiwa mbili. Kosa la wachezaji wetu linatokea kwingine: unaupokea mpira ukikimbia, unapiga hatua mbili, ndipo unaanza kudribo. Ukitaka kudribo, mpira lazima uwe umeshatoka mkononi kabla ya hatua ya pili.

Dalili: shuti halikai

Usiseme "sina shuti." Sema mpira umekosea wapi, kwa sababu mahali ulipogonga panakuambia chanzo. Mwenzako asimame nyuma yako na aandike mashuti 50: mafupi, marefu, kushoto, kulia.

*Mafupi.* Ukianza vizuri na kuwa mfupi mwishoni mwa mazoezi, magoti yameacha kukunja. Ukiwa mfupi tangu mwanzo, uko mbali kuliko nguvu zako. Sogea hadi mita nne kutoka ringini, jenga hapo, kisha sogea nyuma nusu mita kila wiki. Ukilazimisha 6.75 mapema, mkono utatafuta nguvu begani na umbo zima litaharibika.

*Yanagonga ringi mbele na nyuma bila mpangilio.* Hili mara nyingi ni shuti la chini mno, na hesabu yake inafaa kuijua. Ringi ina upana wa sentimita 45, mpira namba 7 karibu 24. Mpira ukishuka wima unaiona ringi nzima. Ukishuka kwa nyuzi 45, uwazi unaobaki mbele yake ni kama sentimita 32. Ukishuka kwa nyuzi 30, unabaki 22.5, na mpira wenyewe ni mkubwa kuliko huo: hauwezi kuingia bila kugusa chuma kwanza. Shuti la chini linaingia kwa bahati. Dawa yake ni kumalizia kiwiko kikiwa juu ya jicho, na mazoezi ya kushuti juu ya fagio ambalo mwenzako amelisimamisha mbele yako.

Wasichana waliotoka netiboli wana faida kubwa hapa. Ringi ya netiboli ni urefu uleule wa mita 3.05, haina ubao, na upana wake ni sentimita 38 tu, kwa hiyo wamezoea kuupandisha mpira. Kocha asiwabadilishe upandishaji huo. Wanachokosa ni kukunjua magoti na mkono kwa mwendo mmoja bila kusimama katikati.

*Kushoto au kulia.* Kwa anayeshuti kwa mkono wa kulia, mpira unaokwenda kulia kwa kawaida umesukumwa na dole gumba la mkono wa kushoto, ule wa kushikiza. Shuti mita mbili kutoka ringini kwa mkono mmoja, wa kushoto ukiwa mgongoni, mara 25. Shuti likitulia, rudisha mkono wa kushoto lakini uubandue kabla mpira haujaondoka. Mpira ukienda pande zote mbili, tazama unapotua: ukitua pembeni ya pale uliporukia, ulikuwa umeshayumba kabla hujashuti.

Mitupo huru ina chanzo kimoja zaidi, haraka. Una sekunde 5 tangu refa akupe mpira, na dribo tatu na pumzi moja ndefu zinaingia humo bila shida. Fanya yaleyale kila mara, na fanya mazoezi yake ukiwa unahema, si mwanzoni mwa mazoezi ukiwa mbichi.

Dalili: ukipasiwa unafunga, ukidribo kabla ya kushuti unakosa

Dribo ya mwisho ni laini. Ukiidunda taratibu, mpira unakufikia kiunoni umechelewa, na miguu imeshatua. Idunde ya mwisho kwa nguvu kuliko zote ili ikufikie pamoja na mguu wa kwanza. Ukienda kulia, tua kushoto kisha kulia. Ukienda kushoto, tua kulia kisha kushoto. Anza kwa dribo moja tu kutoka pembe ya mstari wa mitupo huru, mashuti 20 kila upande. Dribo tatu za mapambo kabla ya shuti hazimsumbui mlinzi.

Dalili: wewe ni mrefu, una mwendo mmoja

Kila kijana mrefu hapa ametajiwa jina la Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechaguliwa wa 2 kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya NBA, ligi ya Marekani, mwaka 2009 akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut. Alisifika zaidi kwa kuzuia mashuti. Kwa upande wa kushambulia, mfano unaomfaa mtu aliyeanza kikapu akiwa mkubwa ni Hakeem Olajuwon wa Lagos, Nigeria, senta nyota wa NBA. Alianza akiwa na miaka kama 15, akitokea kwenye mpira wa miguu na mpira wa mikono, na miguu aliyoipata huko ndiyo iliyomfanya asishikike. Kwa hiyo kama ulikuwa golikipa sekondari, hujachelewa.

Chanzo cha kwanza cha senta kukwama ni kupokea mpira akiwa amesimama wima. Mpate mlinzi kwa mgongo kabla pasi haijaja, magoti yamekunjwa, mkono ukionyesha unapotaka mpira. Ukishaupata, sikia yuko bega gani. Akiegemea kulia, tupa mguu wa kushoto nyuma kuelekea mstari wa mwisho au katikati, kutegemea upande uliopo, dribo moja ya nguvu kwa mikono miwili, maliza. Akirudi kuziba hapo, geukia bega la pili na urushe ndoano fupi (shuti la mkono mmoja linalopita juu ya kichwa) ukiruka. Akiruka kuizuia ndoano, pita chini ya mkono wake. Ni mlolongo mmoja, kila kipande kikijibu kizuizi cha kilichotangulia, na unafundishwa kwa mpangilio huo: wiki mbili mguu wa nyuma peke yake, ndipo ndoano, ndipo kupita chini. Kumbuka sekunde 3 ndani ya eneo lililopakwa rangi. Senta anayeomba mpira bila kutoka huko anaipa timu pinzani mpira.

Dalili: skrini inawekwa, hakuna kinachotokea

Skrini ni mwenzako kusimama njiani mwa mlinzi wako ili upate nafasi. Chanzo cha kawaida cha kushindwa ni kuondoka mapema. Msubiri mweka skrini asimame kabisa, miguu imeganda, kisha pita ukigusa bega lake kwa bega lako. Ukiacha nafasi ya mtu kupita katikati, skrini haikuwepo. Baada ya hapo macho yako yasiwe kwa mlinzi wako bali kwa yule wa mweka skrini, maana yeye ndiye anayekuchagulia jibu.

Mlinzi wako akipita nyuma ya skrini, simama na ushuti. Akikufuata mgongoni, mweke mgongoni vilevile, punguza mwendo na umshambulie mrefu. Wakibadilishana, usihangaike na mrefu aliyekujia. Tazama ndani, mwenzako sasa analindwa na mfupi. Wakikubana wawili, dribo mbili kurudi nyuma, usigeuze mgongo, kisha mpira kwa mweka skrini kwenye mstari wa mitupo huru, ambako sasa mko wanne dhidi ya watatu. Hilo la mwisho ndilo vyuo vingi vinalishindwa, kwa sababu anayebanwa huacha kudribo kabla hajapata pasi.

Wakiwa kwenye zoni, yaani kila mlinzi analinda eneo badala ya mtu, jibu si kupasiana nje mpaka sekunde 24 za shambulizi ziishe. Mtu mmoja akae katikati ya mstari wa mitupo huru, mmoja nyuma ya zoni kwenye mstari wa mwisho, na mpira uingie ndani kwanza kabla ya kutoka kwa mshutaji. Wasio na mpira waachane mita nne hivi, vinginevyo mlinzi mmoja anawatosha wawili.

Dalili: mazoezini unacho, mechini hukioni

Ujuzi umeujifunza bila mlinzi na bila saa. Cheza mmoja kwa mmoja kwa masharti: dribo zisizidi tatu, sekunde 6, na kikapu kihesabike tu kama kimetokana na ujuzi mpya. Wiki inayofuata, tatu kwa tatu kwa nusu kiwanja, sekunde 14, kile kipimo cha FIBA baada ya ribaundi ya kushambulia (mnapokosa na kuudaka mpira tena). Kwa ule mmoja kwa mmoja, watu wakiwa 20 na ringi ni mbili, gawa makundi ya watano yanayopokezana; wawili wanacheza, wawili wanashuti mitupo huru ringi ya pili, mmoja anaandika.

Ukiingia kwenye mechi, utumie ujuzi huo mpya mapema, robo ya kwanza, mara mbili tu, hata kama hutafunga. Mlinzi akishaona unaweza kwenda kushoto au kusimama na kushuti, atasimama tofauti robo tatu zilizobaki. Na usiguse umbo la shuti lako ndani ya siku kumi kabla ya mashindano. Lolote utakalolibadilisha wakati huo litakuwa nusu ya zamani na nusu ya jipya siku mnaposhuka kwenye basi.